Gari Lililofungwa Mdomo

Wifi yangu hajui kuendesha gari. Magari anayajua kwa ndani kama mtu anavyoujua mfuko wa koti lake. Akigonga bati kwa kifundo cha kidole anakwambia limeunganishwa wapi na limeoza wapi. Lakini mpe ufunguo, ataushika kama aliyekabidhiwa kinyonga. Ndiyo maana Jumamosi zangu nyingi huishia kwenye karakana yake, mimi nikiwa dereva wake wa majaribio. Na ndiyo maana mvumo wa gari la Daktari niliusikia mwenyewe, nikiwa nimeshika usukani, kabla haujawa jambo la kufa na kupona.

Wanamwita Mama Pamba. Hakupewa jina hilo kwa ajili ya upole, maana alipoolewa na kaka yangu alikuwa binti mwenye ulimi, na ulimi huo anao hadi leo. Pamba ni ile anayoyatia magari masikioni. Kaka alikuwa fundi wa viti vya magari, mtu wa nyundo, redio na kicheko cha kusikika mtaa wa pili. Alipofariki, karakana ilinyamaza kama chumba kilichoondolewa saa ya ukutani. Watu wakasema mjane ataiuza. Msiba ulipokwisha alifungua mlango, akafuta vumbi kwenye cherehani, akaketi. Kwa miezi mingi alishona viti na mazulia bila kuinua kichwa. Mimi niliyemzoea akibishana na kaka kutwa nzima nilikuwa nikimtazama, nikijiuliza maneno yote yale ameyaweka wapi.

Kisha akaja mteja na malalamiko: amefunga redio mpya na spika mpya, bado muziki unaimba kama umefungiwa ndani ya kopo. Wifi akagonga mlango wa gari lile. Ukalia.

"Debe tupu haliachi kuvuma," alisema. "Basi tusiliache tupu."

Tangu hapo kazi yake kubwa imekuwa kuyatuliza magari. Anatoa viti, anang'oa mazulia, anavua milango ngozi zake za ndani, anasugua bati kwa spiriti mpaka kitambaa kitoke kama kilivyoingia. Kisha analibandika karatasi nzito za lami, anazipasha kwa hewa moto, anazikandamiza kwa kirola cha mkono mpaka zishikamane na chuma. Juu yake sponji, juu ya sponji mpira, mwisho zulia. Yote hayo hufanywa kabla spika haijaguswa. Spika nzuri kwenye bati tupu, husema, ni kama kumwalika mwimbaji aje kuimba jikoni vyombo vikioshwa.

Lakini kabla ya kufungua hata skrubu moja, hutaka kulisikiliza gari. Hulala chali kwenye kiti cha nyuma, macho ameyafumba, chaki mkononi, nami huendesha. Palipo na kelele huchora duara. Gari hurudi karakana limejaa maduara kama mtoto mwenye tetekuwanga.

Daktari alikuwa daktari wa meno, na gari lilikuwa la marehemu baba yake: saluni ya zamani ya milango minne, rangi ya maziwa, taa za mviringo, usukani mwembamba kama mkono wa mzee. Alilipenda kiasi kwamba alipolizungumzia alishusha sauti.

"Mchana kutwa nasikiliza ile mashine yangu ya kutoboa meno," alisema. "Nikitoka nataka muziki, fundi. Muziki, na kingine chochote kisiwepo."

"Hata mama mzazi akiwa kiti cha nyuma?"

"Hasa mama mzazi akiwa kiti cha nyuma."

Tukacheka. Akaeleza kwamba Jumamosi inayofuata atampeleka huyo mama kwa mdogo wake, ng'ambo ya milima, na angependa gari liwe tayari. Njia ile kila mtu aliijua. Inapanda taratibu, halafu inashuka mteremko mrefu wa kona baada ya kona, upande mmoja mwamba, upande mwingine hakuna kitu.

Tulilipeleka kwenye uwanja wa maegesho nyuma ya soko, ambao asubuhi huwa mtupu. Kulikuwa na kelele za kila aina, mlango huu ukitetema, buti likigonga, upepo ukipiga miluzi kwenye kioo. Na chini ya zote, nyuma upande wa kushoto, mvumo mmoja mnene usiokatika.

"Kata kulia," wifi alisema huku amefumba macho. "Haya, sasa kushoto. Kulia tena."

Nikakata kulia tena.

"Umeusikia? Tukienda kulia unapanda. Kushoto unashuka."

"Nimeusikia. Ni nini?"

Alifumbua macho. "Bati la juu ya gurudumu," alisema. "Limelegea, linaimba." Akachora duara kubwa, akalizungushia la pili.

Tuliporudi, Spana alikuwa amesimama langoni. Huyu ni makanika, rafiki wa kaka tangu ujana, na karakana yake na ya wifi zimetenganishwa na ukuta wa mabati tu. Kaka alipokufa ndiye aliyekuja kila asubuhi kumfungulia wifi lile lango zito, bila kuombwa, na kila asubuhi akimtania mpaka akasirike, kwa sababu aliona hasira ni afadhali.

"Shemeji," alisema, "hilo linalovuma huko nyuma umelisikia?"

"Mimi ndiye mwenye masikio hapa. Wewe una midomo."

"Hilo si la bati. Mgonjwa huyo mpe mganga, usimpe fundi cherehani."

"Mganga mwenyewe yuko wapi? Hapa namwona muuza vyuma chakavu."

"Nipe nafasi nimuinue kwa jeki. Sitakawia."

"Wewe kila kelele ni ugonjwa, ili usikose mgonjwa."

"Na wewe kila ugonjwa ni kelele, ili usikose wa kumvika nguo."

Waliokuwepo walicheka, nami nikacheka. Lakini nilimwona wifi alivyougeuza uso. Lile neno, fundi cherehani, lilikuwa limemfuata tangu alipoanza kazi hii. Wanaume wa mtaa ule walimwachia viti kwa sababu viti ni kushona. Alipoanza kugusa mabati walimtazama kama mtu aliyeingia chumba kisicho chake. Spana hakuwa na nia mbaya. Hata hivyo neno liliingia, likakaa.

Akalifunga lango, akaanza kazi. Wiki ile nilipita kila jioni nikitoka kazini, nikaona gari likivuliwa mpaka likabaki mifupa. Chini ya zulia la zamani alikuta vibanio vya nywele, kifungo cha shati, na majani makavu yaliyoingia sijui lini. Aliyakusanya kwenye bahasha ili ampe mama yake Daktari. Alikuwa mwangalifu kupita kiasi. Matundu ya kutolea maji chini ya milango hakuyaziba hata moja, maana fundi anayeziba matundu yale huligeuza gari kuwa ndoo. Lakini juu ya gurudumu la nyuma kushoto, ambapo bati liliposafishwa alirudia kulichora yale maduara mawili ya chaki, mvumo ulikataa kufa. Aliweka karatasi ya kwanza, tukajaribu, upo. Akaweka ya pili. Upo, ila unatoka mbali. Akaweka sponji nene, mpira, na karatasi nyingine juu ya yote, akikandamiza kirola kwa uzito wote wa mwili wake, jasho likimdondoka kwenye bati.

"Wifi," nilimwambia, "si umwite tu Spana aangalie?"

"Nikimwita ataangalia bati, au atanicheka?"

"Vyote viwili."

"Basi mvumo utakwisha bila yeye."

Na ulikwisha. Ijumaa mchana fundi wa redio akafunga spika na mtambo wake, jioni Daktari akaja na mama yake, mwanamke mwembamba mwenye fimbo na macho yasiyopitwa na kitu. Daktari aliufunga mlango. Haukulia tena kwaa. Ulitoa sauti fupi, nzito, kama kitabu kinene kikifungwa. Akaufungua, akaufunga tena. Aliwasha muziki, na nakiri kwamba hata mimi nilisimama nikasikiliza. Sauti ya mwimbaji ilikuwa karibu mno, ungedhani anakunong'oneza siri.

"Ipandishe," wifi alimwambia. "Usiogope, hakitetemi kitu. Kesho njiani ipandishe mpaka mwisho."

Mama yake Daktari aliketi nyuma, mahali pake pa siku zote, kushoto, ili aweze kuunyoosha mguu. Akagonga sakafu kwa fimbo. Haikujibu.

"Binti," alimwambia wifi, "ule mvumo wa hapa chini yangu, umeuponya?"

"Umekwisha, mama."

"Mume wangu alikuwa akilisikiliza gari hili kama mtu anayesikiliza mtoto mwenye homa. Sasa mmelifunga mdomo."

"Mama," Daktari alisema, "hebu tufurahi kidogo."

Spana naye alikuwa amesogea. Daktari, kwa furaha yake, akamkaribisha apande, wakazunguka mtaa. Waliporudi, Spana alishuka taratibu, akafuta mikono ambayo haikuwa michafu.

"Unasikia nini, mganga?" wifi alimuuliza.

"Sisikii kitu," alisema. Haikuwa sifa, lakini wifi aliichukua kama sifa. Usiku huo alinipigia simu, akacheka kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, na nikafurahi naye.

Asubuhi nilimkuta ameketi kwenye kigoda na kikombe cha chai, mabaki ya karatasi za lami miguuni. Upande wa pili wa ukuta Spana alikuwa ameinua pikapu ya mtu kwa jeki. Akalisukuma gurudumu kwa mkono, likazunguka likiwa hewani.

Likavuma.

Haukuwa mvumo mkubwa. Lakini nilimwona wifi akikishusha kikombe, akakiweka chini pembeni mwa kigoda, kikapinduka, asikitazame. Akainuka, akazunguka ukuta.

"Hiyo ni nini?"

"Beringi," Spana alisema. "Gololi za ndani zimelika."

"Barabarani inafanyaje?"

"Inavuma."

"Kwenye kona, Spana. Nakuuliza kwenye kona inafanyaje."

Spana alilisimamisha gurudumu kwa kiganja. Alikuwa amekwisha kuelewa, nadhani, lakini alijibu alichoulizwa. "Ikiwa ya kushoto, ukikata kulia uzito wa gari unaiangukia, inalia. Ukikata kushoto inapumua."

"Na bati lililolegea?"

"Bati halijui kona, shemeji."

Nilisubiri amcheke. Hakucheka.

"Ikiachwa?" wifi aliuliza.

"Inaweza kwenda muda mrefu. Au inashika moto, gurudumu linakwama. Au linatoka lenyewe. Kwenye mteremko, breki nazo zikiwa moto..." Akainama kuchukua kisanduku chake cha vifaa bila kumaliza sentensi.

Wifi alikuwa amekwisha kupiga simu. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Aliishika simu mbali kidogo na sikio, nasi sote tukawa tunaisikia ikiita ndani ya gari ambalo yeye mwenyewe alilifanya lisipenyeze sauti, katikati ya muziki ambao yeye mwenyewe aliagiza upandishwe mpaka mwisho.

"Hasikii," alisema. "Wifi, ufunguo uko wapi?"

Nilisita kidogo. Nilimfikiria yeye, si Daktari. Nilifikiria mtaa mzima ukijua kwamba Mama Pamba aliambiwa kuna ugonjwa akaushonea nguo. Huenda gari lingefika salama, Jumatatu akamwita Daktari kwa kisingizio, Spana akaitengeneza kimyakimya. Nadhani aliyaona hayo usoni mwangu.

"Watajua tu," alisema. "Twende."

Gari langu ni dogo, na Spana ni mtu mkubwa. Aliketi nyuma na kisanduku mapajani, magoti yakimgusa kidevu. Barabara ya soko ilikuwa imefurika. Mkokoteni wa magunia ulisimama mbele yetu, mwenye nao akibishana na muuza vitunguu, na wifi akatoa kichwa dirishani akawaambia maneno ambayo sitayaandika. Wakapisha.

"Walisema wataondoka saa ngapi?" Spana aliuliza.

"Wakishakunywa chai."

"Chai ya nani? Ya mzee au ya kijana? Mzee anakunywa alfajiri."

"Spana, nyamaza."

"Nimenyamaza, shemeji."

Kwenye kituo cha mafuta cha mwisho nilipunguza mwendo, wifi akamuuliza binti wa pampu kama ameliona gari la zamani rangi ya maziwa.

"Lile zuri? Limepita muda si mrefu. Bibi mmoja nyuma anapunga mkono kama malkia."

Baada ya hapo barabara inaanza kupanda. Gari langu lilikohoa, nikashusha gia. Wifi hakuiacha simu. Akipiga, ikikatika, anapiga. Kati ya simu na simu nilimsikia akisema, si kwangu wala kwa Spana: "Niliambiwa. Nilisikia mwenyewe, halafu nikaambiwa." Spana aliinua mkono kama anayetaka kumgusa bega, akaurudisha kwenye kisanduku.

Tuliwaona mbele ya lori la mchanga, doa la maziwa likipotea kwenye kona na kuibuka. Niliwasha taa. Nilipiga honi. Lori lilidhani nalitukana, likanijibu kwa honi yake kubwa, hatimaye likanipa njia. Sasa tulikuwa nyuma ya gari la Daktari kabisa. Niliona kisogo chake kikiyumba kwa mapigo ya muziki. Niliona kilemba cha mama yake. Na niliona gurudumu la nyuma kushoto.

"Linacheza," nilisema.

"Naliona," Spana alisema. "Piga honi."

"Napiga!"

Nilikuwa nimeikandamiza kwa kiganja kizima, inalia hata masikio yananiuma. Kisogo cha Daktari kiliendelea kuyumba.

"Hasikii," wifi alisema. Halafu akasema jambo lililonikaa moyoni kuliko yote ya siku ile: "Hata mimi nisingesikia. Nimeifanya vizuri."

Nikapepesa taa mara nyingi. Daktari akatuona kwenye kioo chake. Alitabasamu! Aliinua dole gumba juu, akatupungia, na akaongeza mwendo, kama mtoto anayetaka watu wazima waone baiskeli yake mpya. Alidhani tumekuja kuona kazi yetu ikipendeza barabarani.

Mbele, kando ya njia, kulikuwa na kibao cha kuwaonya madereva wa malori washushe gia. Baada ya kibao, barabara haina tena kupanda.

"Mpite," Spana alisema.

"Kuna kona."

"Mpite kabla ya kona, dada. Baada yake hatuwezi."

Sijui niliomba nini, na sijui nilimwomba nani. Nilihamia upande wa pili wa barabara, nikakanyaga mafuta mpaka mwisho, na magari mawili yakawa sambamba, jipya na la zamani, vioo kwa vioo. Wifi alikuwa ametoa nusu ya mwili nje, kitambaa chake cha kichwa mkononi, akipiga kioo cha mlango wa nyuma, kile kioo alichokuwa amekizungushia mpira mpya ili upepo usipige miluzi. Mama yake Daktari akageuka. Wakatazamana. Wifi akanyoosha kidole chini, kwenye gurudumu, kisha akaviweka viganja vyote viwili mbele yake: simama.

Yule mama hakupoteza muda kuuliza. Aliinua fimbo akampiga mwanawe begani.

Taa nyekundu za breki zikawaka. Nilirudi nyuma yao huku lori jingine likitokea kwenye kona, likapita mahali nilipokuwa nimetoka, na upepo wake ukalitikisa gari langu. Gari la Daktari liliyumba, nyuma likateleza upande, likaingia kwenye kokoto za kando ya barabara, likasimama. Kutoka pale ungeweza kuuona mteremko wote, ukipinda na kupinda hadi bondeni.

Moshi mwembamba ulikuwa ukitoka kwenye gurudumu. Kulikuwa na harufu ya grisi iliyoungua. Daktari alishuka na hasira, muziki ukamiminika nje kupitia mlango uliokuwa wazi.

"Mmerukwa na akili? Mama yangu yumo ndani!"

"Zima muziki," Spana alisema.

"Nimewauliza..."

"Daktari, zima muziki, tafadhali."

Akauzima. Katika utulivu ule tulilisikia gurudumu likitoa milio midogo, tik, tik, kama sufuria iliyoepuliwa. Spana aliliacha lipoe, akaweka jeki, akaliinua. Kisha badala ya kulishika yeye, alimpisha Daktari. Daktari alilishika kwa mikono miwili, juu na chini, akalitikisa. Nilimwona akibadilika uso. Mikono yake ilikuwa inajua. Maisha yake yote ilikuwa ikishika vitu vinavyotakiwa kusimama imara, ikipima vinacheza kiasi gani.

"Hili lilikuwa la kung'oka," alisema.

Akajifuta grisi kwenye suruali yake nzuri, akamgeukia wifi.

"Ulijua?"

"Niliusikia mvumo. Spana akaniambia si wa bati. Nikautia pamba."

"Nina wagonjwa wa namna hiyo," Daktari alisema. "Jino linaoza, wao wanameza vidonge vya maumivu. Maumivu yakinyamaza wanadhani wamepona. Wakija kwangu taya limevimba. Lakini wao hujimezesha wenyewe, fundi. Hawamhatarishi mama wa mtu kwenye kiti cha nyuma."

"Ni kweli," wifi alisema.

Nilitaka aseme zaidi. Nilitaka ataje kazi ya wiki nzima, jasho, matundu ya maji aliyoyaacha wazi, au basi aseme kwamba ametukimbiza mlima mzima kuja kuwasimamisha. Yeye alifungua mlango wa nyuma, akamsaidia yule mama kushuka, akamtafutia jiwe bapa kivulini.

"Nitakaa hapa," mama yule alisema. "Hapa nasikia." Halafu, baada ya kumpima kwa macho: "Una mkono mzito, binti. Kioo kile nilidhani kitapasuka."

"Nisamehe, mama."

"Nitaliona hilo nikishafika kwa mdogo wangu. Kwa sasa nipe maji."

Spana alidandia lori lililokuwa likirudi mjini kwenda kutafuta beringi mpya aje aifunge palepale. Daktari akasogea mbali akawa anaongea kwenye simu na mama yake mdogo, mgongo ametupa sisi. Wifi alilitazama gari kwa muda. Kisha akachukua kisu chake cha kukunja, akainua kiti cha nyuma, akavuta zulia, akaanza kukata. Karatasi ya juu, mpira, sponji, karatasi ya pili, ya kwanza. Lami ilikuwa imeshika vizuri; alilazimika kuikwangua kwa kucha. Nilijitolea kumsaidia akanikataza. Alipomaliza, juu ya gurudumu la kushoto palikuwa na kipande cha bati tupu, ukubwa wa sinia dogo, na kwenye bati lile bado palionekana alama hafifu ya chaki: maduara mawili, moja ndani ya jingine.

Mtaa ulijua, kama alivyosema. Spana hakusema neno. Daktari ndiye aliyewasimulia wagonjwa wake, mikono yake ikiwa vinywani mwao, hivyo hakuna aliyeweza kumbishia. Kuna wateja waliokuja kuyachukua magari yao kabla hayajaguswa, na wifi akawafungulia lango mwenyewe. Siku hizi gari lolote likija kutulizwa, kwanza linavuka ukuta. Spana analiinua, anazungusha gurudumu moja baada ya jingine, na wifi anachuchumaa pale na sikio lake. Bado wanabishana. Juzi nilimsikia akimwambia, "Hilo si ugonjwa, mganga, hilo ni jiwe limenasa kwenye tairi," na lilikuwa jiwe, na alimtania nalo siku nzima.

Daktari alirudi mvua zilipoanza. Hakuja kuomba radhi wala kuombwa. Alitaka zulia la nyuma lishonwe vizuri, maana lilikuwa limeachwa likining'inia.

"Na pale penye bati?" wifi aliuliza bila kumtazama. "Nipafunike?"

Mama yake alijibu kutoka kiti cha nyuma. "Paache wazi. Panavuma kidogo, nalala vizuri."

Wifi alishona zulia, akaacha pale pawe na kifuniko cha kufunguka. Walipoondoka alisimama langoni, nami nikasimama naye. Barabara yetu inaishia kwenye kona ya kulia. Gari la rangi ya maziwa lilipokaribia pale, nilimwona ameacha kupumua, na upande wa pili wa ukuta nyundo ya Spana ikanyamaza. Likakata kona, likapotea.

"Kimya," nilisema.

"Ngoja, wifi," akanijibu, mkono mmoja ameuinua. "Bado nasikiliza."